Miwani Iko Msumarini

Pita kwenye gereji yoyote ya kuchomelea mageti, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Moshi, kisha angalia ukutani. Karibu na kalenda ya mwaka juzi pana msumari, na kwenye msumari imening'inia miwani ya kukinga macho, vioo vimeshika vumbi. Chini yake kijana amechuchumaa na grinda, anakata chuma cha dirisha, cheche zinamrukia mpaka kwenye nyusi. Amekunja uso na kufumba jicho moja. Kinga yake ndiyo hiyo.

Muulize, atakupa majibu ambayo sote tunayajua. Inatoa jasho. Inaleta ukungu. Kazi yenyewe ya dakika mbili tu. Nimezoea, mkubwa.

Jamani, ukungu unafutwa kwa kitambaa. Kovu kwenye kioo cha jicho halifutwi kwa kitambaa chochote. Na hizo dakika mbili ndizo hasa zinazojaza mabenchi ya kliniki za macho, kwa sababu kipande cha chuma hakihitaji hata sekunde nzima. Miwani ya plastiki yenye kinga za pembeni inauzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa bei ya diski chache za kukatia. Diski zinanunuliwa kila wiki na hakuna anayelalamika. Wengine wameshafungua hata kile kikinga cha grinda chenyewe, eti kinabana mkono.

Wachomeleaji nao wana ya kwao: miwani ya jua. Ile ya barabarani, nyeusi ya kupendezea. Giza la kioo si kinga. Mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana inayobabua uso wa jicho kama jua linavyobabua ngozi, na inahitaji ngao ya uso yenye kioo maalumu. Ubaya wake ni kwamba hauumi pale pale. Fundi anafunga kazi saa kumi na mbili jioni, anakula, analala, na usiku wa manane anaamka akihisi mtu amemmwagia mchanga wa moto machoni. Ndipo vinapoletwa vipande vya viazi vibichi na maziwa. Hali hiyo kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili, viazi viwepo visiwepo, lakini aliyepatwa anatakiwa apimwe, maana maumivu kama hayo yanaweza kuwa ya kitu kingine. Kinachotutia hofu zaidi ni yale matone ya ganzi yanayopita mkono kwa mkono. Yanaondoa maumivu kweli, fundi anarudi kazini na jicho lisilohisi kitu, na uso wa jicho unazidi kuharibika.

Tuje kwa bingwa wa gereji. Kila gereji ina mmoja, hodari wa kutoa vitu jichoni. "Njoo hapa, tazama juu," anasema, anakunja ncha ya leso, au njiti ya kiberiti, na kuanza kuchokoa. Mara kumi amefaulu, kwa hiyo ya kumi na moja naye anaamini atafaulu. Vumbi linaloelea juu ya jicho linatoka kwa maji safi na kupepesa kope. Likikataa kutoka, limeng'ang'ania, na chuma kilichong'ang'ania huacha duara la kutu pale kilipokaa. Kukitoa ni kazi ya mtu mwenye darubini na vifaa safi. Leso iliyofuta grisi tangu asubuhi inaongeza uchafu tu kwenye kidonda.

Kipande kinachoruka mtu anapogonga nyundo juu ya tindo kina hila yake. Kinaweza kutoboa jicho na kuingia ndani kabisa, kikaacha tundu dogo usiloliona, na jioni maumivu yakapungua. Mtu anasema amepona. Ikiwa jicho limetobolewa, au mnashuku hivyo, msilioshe, msilibonyeze, msitie dawa, na kilichochomeka msikichomoe. Chukua kikombe cha karatasi, kata sehemu ya chini, kifunike juu ya jicho kikiegemea mifupa ya pembeni, kishikize kwa plasta, mwende hospitali saa hiyo hiyo. Pamba inayokandamiza haitakiwi hapa.

Anayeona haya ni makubwa kwa ajili ya jicho moja, amkumbuke Louis Braille. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, alikuwa mtoto wa miaka mitatu akichezea chuma chenye ncha kwenye karakana ya baba yake aliyekuwa akishona matandiko ya farasi. Kilimchoma jicho moja. Madhara yakahamia la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Dunia ikapata kwake maandishi ya nukta nundu ya wasioona, lakini yule mtoto angependa zaidi macho yake. Gereji zetu nazo zimejaa watoto wanaotoka shule na kusimama kutazama moto wa buluu, na hakuna anayewafukuza.

Sasa maji. Kwa kila kitu kinachounguza, yaani maji ya betri, sabuni kali za kuzibulia masinki, saruji mbichi, chokaa, dawa ya shambani, hata sumu ya swila aliyetema machoni, huduma ya kwanza ni moja na kila mtu anaiweza. Maji safi, mengi, papo hapo, kwa dakika 15 kwa uchache, na dakika 30 ikiwa ni saruji au chokaa. Chokaa ni mbaya kuliko asidi, ingawa wengi wanadhani kinyume. Asidi mara nyingi hugandisha ngozi ya juu ikakwamia hapo. Chokaa huendelea kuyeyusha na kuzama ndani. Punje zake zitolewe kwa maji yanayotiririka. Mlaze mtu ubavu, jicho bovu likiwa chini ili uchafu usiingie kwenye zima. Fungua kope kwa vidole, kwa maana atazifumba kwa nguvu, mimina kuanzia upande wa pua kwenda nje, na usiache mpaka saa ikuruhusu. Dakika 15 ni ndefu. Wengi humwaga kikombe kimoja, wanasema "basi, imetoka," na kuanza kutafuta bodaboda. Osha kwanza, bodaboda ifuate.

Lakini maji yenyewe yako wapi? Kwenye gereji maji yaliyopo ni ya kwenye nusu-pipa la kupozea chuma, meusi kama chai ya rangi. Dumu moja la lita 20 lenye mfuniko, limejazwa maji ya kunywa, na kata pembeni, haliwezi kumshinda mwenye gereji anayeuza geti kwa malaki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Atasema huyu si mfanyakazi, ni kijana anajifunza tu. Sawa, basi mteja aseme. Wewe unayekwenda kila jioni kuulizia geti lako limefikia wapi, kabla ya kuhesabu fedha ya utangulizi mwambie fundi: dogo avae miwani. Ataivaa. Tumeliona hilo likifanyika mbele ya macho yetu, bila semina wala posho.

Ajali ikitokea, usianzie duka la dawa. Matone ya kuondoa wekundu yanayouzwa bila kupimwa, mengine yana dawa inayopoza uvimbe huku ikiwapa vijidudu nafasi ya kuota, hasa jicho likiwa limechomwa na jani au kijiti. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari na asali viacheni. Aliyepigwa ngumi au mpira, akiona ukungu au damu kwenye mboni, naye ni wa hospitali. Na kama jicho limeingiwa na kemikali, ukishaosha, beba kopo lenyewe uende nalo, hata kama lebo imechanika, ili daktari asianze kubahatisha.