Samaki wa Kidimbwi, Dume na Jike



Wiki iliyopita, baada ya darasa la alasiri, watoto wa chuoni walitujia na chupa ya maji. Ndani yake walikuwamo samaki wanne, hawafiki urefu wa kidole cha shahada, wenye mikia myekundu na miili ya samawati, kila gamba limezungukwa na wekundu. Tukawauliza kama ni hao tu waliowapata. Mmoja akajibu: “Maalim, wengine walikuwa na rangi ya tope, tukawamwaga mchangani. Ni makinda.”

Hawakuwa makinda. Walikuwa majike.

Samaki hawa wataalamu huwaita Nothobranchius, nao huishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka kila mwaka. Aina ya palmqvisti hupatikana pwani ya kusini ya Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Dume ndiye mkubwa na mwenye mapambo. Wakati wa kutaga humfunika jike kwa pezi lake la mgongoni. Jike ni mdogo, wa kahawia hafifu, na mapezi yake hayana rangi. Rangi za dume humvutia jike, lakini humvutia na ndege mla samaki. Kwa hiyo katika madimbwi mengi majike hukutwa ni wengi kuliko madume. Naye jike, sehemu kubwa ya chakula chake huenda katika mayai. Ukimwaga majike ukabakisha wenye kung’ara, umekimaliza kizazi.

Ukuaji wao ni wa haraka mno. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa aina ya furzeri, huko Msumbiji, huweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Wataka wafanyeje, na maji yenyewe yanakauka? Samaki wote hufa, mayai yakabaki katika tope kavu miezi kadhaa, yakingoja mvua.

Hapa yatupasa tukiri kosa letu. Kaskazi iliyopita majirani walitaka kukifukia kidimbwi hicho kwa kifusi kwa sababu ya mbu, nasi tukawaunga mkono. Tulisimama ukingoni tukasema hapana kitu hapa ila udongo uliopasuka. Lori halikuja kwa kuwa fedha hazikutimia. Lau zingetimia, tungalizika maelfu ya mayai kwa kauli yetu.

Shauri hilo limerudi, na kikao ni Jumapili. Kina mama wenye watoto wachanga wana haki ya kulalamikia mbu, wala hatudai kwamba samaki hawa watawamaliza, ingawa hula viluwiluwi vyao. Tutaomba lianzwe shimo la maji machafu lililo nyuma ya nyumba, ambalo halikauki masika wala kiangazi, na kidimbwi kiachwe.

Wale wanne tuliwaamrisha watoto wawarudishe kabla ya magharibi. Walikwenda mbio, chupa wameikumbatia.