Mgonjwa anauliza kwa Kiswahili, anayemjibu ni muuzaji

Mtu akiandika "vidonda vya tumbo" kwenye simu yake leo, mara nyingi atakachokipata kwa Kiswahili ni tangazo lililovaa joho la ushauri wa daktari. Litaanza na orodha ya dalili ndefu kiasi kwamba hakuna mtu mzima asiyejiona humo, litafuata onyo la kutisha kuhusu saratani, kisha namba ya WhatsApp na bei ya dozi. Akiandika UTI sugu, PID, bawasiri, uvimbe kwenye kizazi au tezi dume, mpangilio ni uleule. Huko hospitalini nako husikika lalamiko kwamba wagonjwa wa siku hizi wanajitibu kwa Google. Naona lalamiko hilo linamwangukia asiyestahili. Mgonjwa anayetaka kuujua ugonjwa wake anafanya jambo la busara. Tatizo ni kwamba wenye elimu ya tiba wameuacha ukurasa wa Kiswahili wazi, na wenye bidhaa wameujaza.

Tubaki kwenye vidonda vya tumbo, kwa sababu hapo hasara inaonekana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kuwa vingi vya vidonda hivi vinahusiana na bakteria aitwaye H. pylori, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au pumzi, na kwa kawaida hutibiwa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa kama wiki mbili. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile zile ambazo watu hununua duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti, wakazimeza miezi na miezi. Mgonjwa aliyeyasoma hayo kwa lugha yake ataomba kipimo, na atamweleza daktari vidonge anavyotumia. Lakini anachosoma ni kwamba kosa lake ni kuchelewa kula na kuwa na mawazo mengi, na kwamba anahitaji unga wa kunywa kwa miezi mitatu. Hasomi kwamba choo cheusi kama lami au kutapika damu ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, wala kwamba kukonda bila sababu kunahitaji kuchunguzwa na daktari. Muuzaji hana faida ya kumwambia hivyo, kwani mgonjwa akishaenda hospitali, mteja amepotea.

Kwa nini basi watu wanakimbilia simu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 67, ulionyesha kuwa katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani, mgonjwa hukaa na daktari wa huduma za msingi dakika tano au pungufu. Katika dakika hizo anaeleza shida, anapimwa, anaandikiwa dawa. Wengi hutoka na bahasha iliyoandikwa 1x3 bila kujua jina la ugonjwa, na hata wakiliona kwenye cheti, limeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo daktari amesomea udaktari wake. Tena yapo maradhi ambayo mtu anaona aibu kuyataja mbele ya mtu mwingine: ya zinaa, ya nguvu za kiume, ya uchafu ukeni, bawasiri. Simu haimkodolei mtu macho. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wizara zetu, ndiyo maana bidhaa zao nyingi ni za magonjwa ya aibu.

Shirika la Afya Duniani lina lugha rasmi sita, na Kiswahili hakimo, ingawa UNESCO inahesabu wazungumzaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina vipeperushi vya afya vya Kiswahili, lakini ni kwa ajili ya wanaoishi huko, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo. Wala tusiseme kuwa elimu ya tiba ni nzito mno kwa lugha yetu au kwa watu wetu. Ukimwi umeshalijibu hilo. Watu ambao hawakwenda sekondari wanaeleza maana ya dawa za kufubaza virusi, wingi wa virusi na hatari ya usugu, kwa sababu kwa miaka mingi walielezwa kwa uvumilivu na kwa maneno yanayoeleweka. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni, ambayo ilimwezesha mjamzito kutuma neno "mtoto" kwenda 15001 na kupokea bure ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake. Wizara ya Afya ina namba 199 isiyotozwa. Uwezo upo. Ulichokosa ni kupanuliwa hadi kwenye maradhi ambayo watu wanayatafuta kila siku.

Wapo watakaosema kwamba elimu nusu inaua, na wana hoja. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa sababu ya video aliyoiona, anaweza kufa ndani ya siku chache. Lakini aliyemshawishi aache ni nani, na aliyepaswa kumweleza mapema kwamba mwili wake hautengenezi insulini alikuwa wapi? Wengine watasema dawa ni kuwafungia wauzaji. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na isimamiwe kwa ukali kuliko sasa. Hata hivyo ukurasa uliofungwa leo hufunguliwa kesho kwa jina jingine, na mgonjwa atauliza tena swali lile lile. Atakayenituhumu kuidharau tiba asili akumbuke dawa ya mseto ya malaria: artemisinini ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou akapata Nobel mwaka 2015. Mmea ulichambuliwa, kipimo kikajulikana, dawa ikajaribiwa kwa wagonjwa. Anayeuza kopo moja kwa maradhi manane hajafanya lolote kati ya hayo.

Hoja ya kuwa madaktari hawana muda ni ya kweli zaidi. Wanaojitahidi kuandika kwa Kiswahili mitandaoni hufanya hivyo usiku, bila malipo na bila kazi hiyo kuhesabiwa popote. Waajiri wao waihesabu kuwa sehemu ya kazi, na vyuo vya tiba vimdai kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili fasaha maelezo ya ugonjwa mmoja, yahakikiwe, yawekewe tarehe na kuchapishwa na wizara. Haraka inatakiwa, maana programu za akili mnemba zimeanza kuwajibu wagonjwa kwa Kiswahili, nazo hujifunza kutokana na maandishi zinayoyakuta. Chumbani kwa daktari, hata katika dakika tano zile, swali moja lina nafasi: "Umesoma nini kuhusu shida hii, na umeshatumia nini?" Likiulizwa bila kukaripia, mgonjwa atatoa simu, pengine na kopo kutoka kwenye mkoba, na daktari atajua kama kuna unga usiojulikana unaopita kwenye ini na figo za mtu ambaye yeye anakusudia kumwandikia dawa nyingine.