Aketiye Kitini Bado Ni Mzazi

Ajali haina miadi wala haichagui mlango. Humfika mgema juu ya mnazi, dereva barabarani, mchimba mawe machimboni, na mama aliyepakiwa pikipiki akirudi sokoni. Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa watu zaidi ya milioni 15 ulimwenguni wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Juu ya ajali yenyewe sina hoja, kwani hakuna ashindanaye na jambo lililokwisha kutokea. Hoja yangu, msomaji, ni juu ya yale tuyatendayo sisi wenye miguu mizima siku majeruhi arudishwapo nyumbani. Nasema kuwa ajali humnyang'anya mzazi miguu yake, lakini jamaa zake ndio wamnyang'anyao uzazi wake. Na unyang'anyi huu wa pili ni mbaya kupita ule wa kwanza, kwa kuwa hufanywa kwa jina la huruma.

Tutazame nyumba moja, mfano wa nyumba nyingi. Baba ni mgema katika kijiji cha pwani yetu. Kila alfajiri hupanda minazi, kotama kiunoni na kibuyu begani, akikanyaga vidato alivyovichonga mwenyewe katika shina. Hupanda vidato vya mnazi ili binti yake apande vidato vya shule. Naye binti amefika kidato cha pili. Siku moja baada ya mvua mguu wateleza. Baba aanguka, uti wa mgongo wavunjika, na baada ya miezi hospitalini arudishwa nyumbani akiwa hai, lakini toka kiunoni kwenda chini hana nguvu wala hisi.

Angalia sasa yatendekayo. Kitanda chake chawekwa chumba cha nyuma, kusudi wageni wasione. Mgeni aingiapo kumjulia hali humgeukia mama akauliza, "Je, mzee amekula?" na mzee mwenyewe yuko mbele yake, macho wazi, masikio wazi. Karatasi ya matokeo ya mtoto hupelekwa kwa amu. Mbuzi huuzwa na bei yake hajui. Kisha jioni moja wazee wa ukoo hukutana barazani wakaamua kuwa binti aache shule amuuguze baba yake. Baba asikia kila neno kupitia ukuta wa udongo. Hapana hata mmoja aliyeinuka kwenda kumwuliza yeye aliyeanguka kwa ajili ya shule hiyo.

Nauliza: katika nyumba hii aliyepooza ni nani? Uti wa mgongo ni njia ya habari baina ya ubongo na viungo. Njia ikikatika, habari hazipiti: miguu haitii, ngozi haihisi, kibofu na matumbo hayaamriki. Jeraha likiwa shingoni, mikono nayo huathirika. Walakini lililo juu ya jeraha halikuguswa. Akili ya mgema huyu ni ile ile, busara yake ni ile ile, na upendo wake kwa wanawe haukukaa magotini hata uondoke na magoti. Basi kwa hoja gani tumemhesabu pamoja na watoto wachanga?

Wako watakaosema, "Sisi hatumdharau, twampumzisha." Pumziko asiloliomba mtu ni kifungo. Tena nawakumbusha kisa cha kweli. Kabla ya Vita Kuu ya Pili watu wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa katika muda mfupi, na kilichowaua mara nyingi hakikuwa ule mvunjiko, bali vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo. Walilazwa wangoje kufa, nao wakafa. Mwaka 1944 tabibu Ludwig Guttmann, aliyekuwa mkimbizi kutoka Ujerumani, aliwekwa juu ya wodi ya majeruhi wa namna hii katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kisha akakataa walale bure: akawapa kazi, akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa michezo ya Olimpiki mjini London, majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa juu ya viti vya magurudumu. Mbegu ile ndiyo iliyoota michezo ya Paralimpiki, inayohesabiwa tangu Roma mwaka 1960. Mafunzo ya kisa hiki ni wazi. Mtu akitazamwa kama maiti, hufa. Akitazamwa kama mtu, huishi.

Wengine hunena neno zito zaidi: eti nyumba hii imelaaniwa, eti mnazi ule ulitupiwa jambo. Kwa hao jibu langu ni fupi. Kilichomwangusha mgema ni shina lililolowa. Uvumi wa laana haujapata kumgeuza mgonjwa kitandani hata mara moja. Lakini umekwisha kufukuza majirani wengi ambao wangaliweza kumgeuza.

Wako pia wasemao, "Maneno yako ni mazuri, ila mkono mtupu haulambwi. Sisi ni maskini." Hili nalisikiliza kwa heshima, kwa sababu ni kweli kuwa kiti cha magurudumu kina bei, mpira wa mkojo una bei, na safari ya kliniki ina bei. Lakini heshima haina bei. Kumwuliza baba, "Tuuze mbuzi yupi?" ni shilingi ngapi? Kuhamisha kitanda kutoka chumba cha nyuma kuja penye upepo na mazungumzo ni shilingi ngapi? Ngazi mbili za mlangoni, zenye kimo cha sentimita 30, huweza kufunikwa kwa mteremko wa mawe na udongo ulioshindiliwa, urefu wake sentimita 360, maana kila sentimita moja ya kwenda juu yataka 12 za kwenda mbele. Mlango ukipanuliwa upate nafasi ya sentimita 80, kiti kitapita. Chooni, seremala wa kijiji aweza kuunda kiti imara chenye tundu. Kazi hizi ni za wikendi mbili za vijana waliozoea kukaa njia panda wakitazama pikipiki. Mara nyingi upungufu wetu si wa mali. Ni wa nia.

Sasa nafika penye kidonda chenyewe, yaani yule binti. Husemwa kuwa uuguzi ni kazi ya mwanamke, na kwamba binti mwema humtumikia mzazi wake. Kumtumikia mzazi ni wema. Kumtoa binti mmoja sadaka ili wengine wote walale usiku ni uvivu uliovaa kanzu ya wema. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kukagua ngozi yake kila siku, kuosha, kulisha na kufua ni kazi ya watu wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kaka ana mikono miwili. Amu aliyepokea bei ya mbuzi naye ana mikono miwili. Zamu ya usiku igawanywe, na mama asisahauliwe, kwa kuwa mwuguzi asiyelala huwa mgonjwa wa pili. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Haikuandika: isipokuwa binti ambaye baba yake ameanguka.

Kifungu kifuatacho, cha 54, chasema kuwa mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomshusha. Lugha yetu yatufundisha hapa. Neno kiwete limeanza kwa ki, kama kiti na kikapu, na watu wengi hulitamka kana kwamba msemwa naye ni chombo cha kuwekwa pembeni. Lakini kiongozi pia limeanza kwa ki. Kosa basi si la herufi, ni la moyo wa mtamkaji.

Na mzazi naye nina neno kwake, kwani haki huenda na wajibu. Asijivue cheo ambacho wengine hawajamvua. Hasira ya miezi ya kwanza ina udhuru wake. Hasira ya maisha haina. Ajifunze kujiinua kitini mara kwa mara damu ipite, ajue dalili za ngozi iliyoanza kuharibika, na ajifanyie mwenyewe yote ambayo mikono yake yaweza. Mgema asiyepanda aweza kumfundisha kijana kutambua mnazi wa kugemwa, kunoa kotama na kuchonga kidato kisichoteleza. Maarifa hayo hayakuanguka pamoja naye.

Msomaji kijana, huenda yatakufika haya nyumbani mwako, au nyumba ya jirani yako. Yakikufika usingoje wazee wa barazani. Siku ya kufunga shule ichukue karatasi ya matokeo, pita barazani usisimame, ingia hadi aliko baba, mpe mkononi, ukae chini umsikilize. Akikusifu, furahi. Akikugombeza kwa ajili ya hesabu ulizokosa, furahi zaidi, kwa maana siku hiyo mzazi wako amerudi nyumbani kweli. Kisha wakikuambia barazani kuwa umeamuliwa kuacha shule, wajibu kwa adabu, "Shikamooni, wazee wangu. Je, mmemwuliza baba?"