Taa za ziada nyuma ya pikapu ni ulinzi wa mazao, si pambo

Msimu wa mavuno unapofika, pikapu ndiyo mkombozi wa mkulima wa Kabungu na vijiji vingine vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Ndiyo inayoingia shambani mahali ambapo lori haliwezi kupita, ikatoa mahindi, mpunga, karanga na tumbaku hadi Mpanda mjini. Ndiyo hiyo hiyo inayoshuka Ikola na Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kufuata dagaa na migebuka.

Kazi hiyo haifanyiki mchana peke yake. Samaki wabichi hawavumilii jua, na mkulima aliyemaliza kupakia jioni hulazimika kusafirisha usiku ili awahi soko la asubuhi. Ndiyo maana wamiliki wengi wa pikapu hufunga taa za ziada nyuma ya magari yao. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba wengi wanafunga taa za kupendeza na kuziacha zile za kuokoa.

Ni jambo la kawaida usiku kukutana na pikapu yenye taa mbili nyeupe kali juu ya kibanda cha dereva, zimeelekezwa nyuma na zinawaka gari likiwa katika mwendo. Nyingine zina vitaa vya bluu na kijani vinavyomweka kama ukumbi wa disko. Lakini ukitazama chini, taa nyekundu ya kushoto imekufa, ya kulia imefunikwa na turubai, na taa za breki haziwaki kabisa.

Taa ya nyuma ina kazi mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara. Kazi ya kwanza ni gari kuonekana na wanaolifuata. Kazi ya pili ni dereva na wapakiaji kuona kilichopo nyuma ya gari. Taa nyekundu ni za kuonekana, taa nyeupe ni za kuonea. Mwenye fedha kidogo aanze na nyekundu.

Sababu iko wazi kwa anayepiga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki, na wakati huo ameshakwenda mita 33. Hata kwenye lami kavu na kwa breki nzima, anahitaji mita nyingine zaidi ya 30 ili asimame. Jumla yake ni karibu mita 70. Taa za chini za gari humulika kitu cheusi barabarani kwa umbali wa mita 40 hadi 60 hivi. Maana yake ni kwamba anayeikuta pikapu isiyo na taa anaiona akiwa ameshachelewa.

Lami kutoka Tabora kupitia Sikonge hadi Mpanda imerahisisha biashara ya mkoa huu, lakini pia imeongeza mwendo wa magari. Kwenye barabara za vumbi za vijijini mwendo ni mdogo, ila hatari iko pale pale. Kiangazi, gari la mbele huinua vumbi jekundu ambalo ndani yake taa hafifu haionekani hata hatua chache. Kifuniko cha taa nacho hushika vumbi hilo na tope la masika, mwanga ukabaki kama wa kibatari.

Lipo pia suala la mzigo. Taa za kiwandani zimewekwa kwa kudhani kwamba gari litabeba mzigo wa kiasi. Huku kwetu magunia hupangwa hadi juu, mlango wa nyuma ukashushwa ili kuongeza nafasi, na turubai likaning'inia. Mara nyingine bodi ya awali imeondolewa na kuwekwa ya kuchomelea, taa zikahamishiwa chini karibu na bampa. Gari likiwa tupu zinaonekana, likiwa limejaa zimefichwa.

Hapo ndipo taa za ziada zinapokuwa na maana. Taa mbili nyekundu, za kawaida na za breki pamoja, zifungwe juu kwenye kingo za bodi, kulia na kushoto, mahali ambapo gunia wala turubai haliwezi kuzifikia. Zikae mbali kwa mbali ili anayekuja nyuma aujue upana wa gari. Taa moja peke yake usiku hudhaniwa kuwa ni ya pikipiki, na wapo waliojaribu kupita pembeni yake wakakutana na bodi.

Viakisi mwanga vyekundu visisahauliwe. Havihitaji waya wala betri, na vinafanya kazi hata gari likiwa limezimika umeme. Pikapu iliyoharibika njiani usiku mara nyingi ndiyo isiyo na umeme, na dereva hukimbilia kukata matawi ya miti na kuyaweka barabarani. Matawi hayang'ai. Pembetatu ya tahadhari na viakisi vinang'aa.

Taa nyeupe ya kazi nayo ina nafasi yake. Inasaidia kupakia shambani usiku, kuhesabu magunia, kumzuia mwizi na kurudi nyuma kwenye njia nyembamba bila kukanyaga mazao ya jirani. Lakini iwe na swichi yake yenyewe yenye kitaa cha kumkumbusha dereva, na izimwe gari linapoondoka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani hauruhusu gari kuonyesha mwanga mweupe kwa nyuma, isipokuwa taa ya kurudi nyuma na ile ya kumulika namba. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote: mweupe ni alama kwamba gari linakuja, mwekundu kwamba linakwenda. Anayewasha taa nyeupe nyuma anampofusha mwenzake na kumdanganya kwa wakati mmoja.

Ufungaji wenyewe ndio eneo ambalo wenye magari wanapunjwa zaidi. Mafundi wengi huchubua waya wa taa ya kurudi nyuma na kuunganisha hapo taa kubwa mbili. Balbu mbili za kawaida za kurudi nyuma, za wati 21 kila moja, hutumia ampea tatu na nusu tu kwenye umeme wa volti 12. Taa mbili za wati 55 zikiongezwa, mzigo unapanda hadi karibu ampea 13. Waya mwembamba na swichi ya kwenye giaboksi havikutengenezwa kwa mzigo huo. Waya hupata moto, ngozi yake huyeyuka, na shoti ikitokea chini ya tumbaku au pamba, hakuna ndoo ya maji itakayowahi.

Njia sahihi si ngumu. Taa kubwa zichukue umeme kwenye betri kwa waya wao wenyewe, wa milimita za mraba 2.5, wenye fyuzi ya ampea 15 karibu na betri. Swichi iamrishe rilei, na rilei ndiyo ipeleke umeme kwenye taa. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi, na ufungwe vizuri kwenye chesisi. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Taa zinazofifia breki inapokanyagwa, au indiketa inayowaka pamoja na breki, kwa kawaida ni dalili ya ethi mbovu.

Taa za LED zina nafuu kubwa kwa sababu zinatumia umeme mdogo na hustahimili mtikisiko wa barabara mbovu kuliko balbu. Hata hivyo fundi apime kwanza. Pikapu nyingi ni za volti 12, lakini Canter na baadhi ya Land Cruiser za zamani ni za volti 24, na taa ya volti 12 ikifungwa humo haitadumu.

Wapo wamiliki wanaosema gharama ni kubwa. Ukweli ni kwamba taa mbili nyekundu, waya na ufundi kwa kawaida havifikii bei ya tairi moja jipya. Wapo wanaotegemea bima. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wanakata, hailipi gari la mwenye bima wala mazao yaliyokuwa juu yake. Gari likigongwa au kuungua, mkulima ndiye anayebaki mikono mitupu, ingawa si yeye aliyechagua taa.

Polisi wa usalama barabarani nao wana la kufanya. Ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama hufanyika mchana, na gari huletwa tupu na limeoshwa. Ukaguzi wa namna hiyo hauonyeshi kitu kuhusu pikapu iliyojaa magunia saa mbili usiku. Ingefaa msimu wa mavuno magari ya mizigo yakaguliwe yakiwa yamepakia, giza likiwa limeingia, na lengo liwe kumrudisha dereva kwa fundi kabla ya kufikiria faini.

Vyama vya ushirika na wafanyabiashara wanaokodi magari wana nguvu kubwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaolipa. Waweke sharti moja: gari lisiloonekana nyuma likiwa limejaa halipewi mzigo wa usiku. Mkulima mmoja mmoja naye aweza kulitekeleza bila kusubiri agizo la mtu. Kabla ya kutoa nauli, turubai likiwa limeshafungwa, arudi nyuma hatua 50 na kumwomba dereva awashe taa na kukanyaga breki. Asipoona wekundu pande zote mbili, azuie safari hadi taa zitengenezwe.