Tab Ni Mwakenya Halali

Mwaka wangu wa pili chuoni, kabla sijaacha, tulifanya mtihani wa Linux kwa kalamu na karatasi. Ndiyo, karatasi. Swali moja lilitaka amri ya kutafuta faili zote zilizobadilishwa ndani ya siku saba. Niliandika `find`, nikakwama. Komredi aliyekaa nyuma yangu alikuwa na mwakenya ndani ya mkono wa shati. Yeye alipita. Mimi nilirudia.

Kwenye kompyuta, swali hilo halina maana. Kama bash yako ina kifurushi cha bash-completion, unaandika `find . -m`, unabonyeza Tab mara mbili, na `-mtime` inajitokeza pamoja na ndugu zake. Tab ni mwakenya halali, umebandikwa kwenye kibodi na waliotengeneza mfumo wenyewe. Kwa hivyo nasema bila kupepesa macho: mwalimu anayekupa alama kwa kukariri amri za terminali anafundisha kitu ambacho waliojenga terminali walikikimbia.

Walikikimbia zamani sana. Miaka ya 1970 kulikuwa na mfumo ulioitwa TENEX, uliojua kumalizia amri ulizozianza. Ken Greer akaupenda mtindo huo, akauleta kwenye C shell. Ile `t` ya `tcsh` ni ya TENEX. Brian Fox akatoa bash mwaka 1989. Halafu mwaka 2000, toleo la 2.04 likafungua mlango ambao wengi wetu hatujawahi kuusukuma: unaweza kuiambia bash wewe mwenyewe imalizie nini, baada ya amri gani.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, kwa sababu kuna wasee wa aina mbili wanaonikera.

Wa kwanza ni mzee wa seva. "Usiguse mipangilio," anasema, "siku ukipelekwa kwenye seva tupu utapotea." Hoja yake ina uzito kidogo, nakubali. Lakini kwani mpishi akipika ugenini husahau jiko lake? Mistari miwili kwenye faili la `~/.inputrc`, `set completion-ignore-case on` na `set show-all-if-ambiguous on`, inafanya Tab isijali herufi kubwa na ndogo, na ionyeshe machaguo yote kwa mbonyezo mmoja. Mistari miwili unaibeba kichwani hadi seva yoyote.

Wa pili ni mnakili. Huyu nilikuwa mimi. Nilichukua mipangilio ya zsh ya jamaa mmoja wa YouTube, mamia ya mistari, nikaimwaga kwenye laptopu yangu ya ex-UK. Terminali ikawa na rangi kama matatu ya Rongai, na kila nikiifungua nangoja. Tab ilijua kumalizia amri za programu ambazo sijawahi kuziona. Kazi yangu mimi haikuijua. Yeyote aliyewahi kuandika mwakenya anaelewa: ule wa kuazima haukusaidii. Hati si yako, vifupisho si vyako, na mtihani ulioandikiwa si huu wako. Tena ukiuandika mwenyewe, mara nyingi unaingia mtihanini ukiwa huuhitaji.

Mimi huishi kwa kuandika makala za watu. Nina skripti fupi niliyoiita `ankara`: naipa jina la mteja, inatengeneza ankara na kuiweka kwenye folda yake. Siku moja nilikosea herufi moja ya jina. Skripti, kwa utiifu wote, ikaunda folda mpya ya mteja asiyekuwepo. Mwisho wa mwezi nikatuma ankara zilizokuwa kwenye folda halisi. Shilingi 8,500 zikabaki gizani wiki sita, na landilodi hali herufi.

Dawa ilikuwa mistari miwili kwenye `~/.bashrc`:

`_wateja() { COMPREPLY=( $(compgen -W "$(ls ~/kazi/wateja)" -- "$2") ); }`

`complete -F _wateja ankara`

Wa kwanza unasema: soma majina ya folda za wateja nilionao, chagua yanayoanza na herufi nilizoandika. Wa pili unaufunga mpango huo kwenye `ankara`. Majina ya folda zangu hayana nafasi katikati, basi inatosha. Sasa nikiandika herufi mbili na kubonyeza Tab, jina linakuja kamili. Lisipokuja, najua nimekosea kabla pesa haijapotea.

Mtaniambia haya ni ya kale, siku hizi akili unde inamalizia kila kitu, tena kwa kitufe hichohicho cha Tab. Si kweli kwamba ni kitu kilekile. Tab ninayoizungumzia husoma orodha: faili zilizopo, wateja waliopo. Orodha ikiwa tupu, inanyamaza. Ile nyingine hukisia. Ni kama jirani wa mtihani anayekunong'onezea jibu kwa sauti ya uhakika, na hujui kama alisoma. Mimi naitumia pia, sikatai. Ila jina la anayenidai na ninayemdai siliachii kisio.

Kinachonichoma ni kwamba tumezoeshwa kuchukua kompyuta kama nyumba ya kupanga: usipigilie msumari ukutani, mwenyewe atakasirika. Hii si ya kupanga. Bash ni programu huru, na mlango wa kuibadilisha umekuwa wazi tangu mwaka 2000. Chuo hakikuniambia. Kiliniambia nikariri.

Kwa hivyo leo jioni, fungua terminali. Tafuta jina moja unaloliandika kila siku na kulikosea kila wiki. Liandikie `complete` yako, mstari mmoja tu. Ukishindwa, andika `help complete` usome. Hakuna msimamizi anayepita nyuma ya kiti.