Intaneti ya Nyumbani Bila Programu ya Kampuni

Msomaji wetu mmoja wa Majengo, mama wa watoto wanne, ametuletea swali ambalo tumelisikia kwa namna mbalimbali tangu nyaya za faiba zianze kuingia mitaani mwetu. Amelipia intaneti ya nyumbani. Fundi amekuja, ametoboa ukuta, amepitisha waya na kutundika kisanduku, na taa zimewaka. Kisha akamwambia: “Mama, nipe simu yako nikutilie programu ya kampuni. Bila hiyo intaneti haitafanya kazi.” Programu ilipofunguliwa ikataka ruhusa ya kusoma majina na nambari zote zilizohifadhiwa simuni, ikataka kujua simu iko wapi kila wakati, na ikataka kuziona picha. Mama akasita. Anauliza: je, ni kweli kwamba haiwezekani bila hiyo?

Si kweli. Hatumlaumu fundi, kwani huenda ndivyo alivyoagizwa aseme. Lakini mwenye nyumba anapaswa kujua ni kipi kinachohitajika na ni kipi alichoongezewa tu.

Intaneti hutufikia kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mikongo ya SEACOM na TEAMS iliwasili hapa Mombasa mwaka wa 2009, na kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Kutoka ufukweni, habari husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, mpaka kwenye kisanduku kilicho sebuleni kwako. Kisanduku hugeuza mwanga huo kuwa mawimbi ambayo simu na kompyuta huyafahamu. Nacho hujitambulisha kwa mitambo ya kampuni kwa nambari yake maalumu kilichopewa kiwandani, au kwa jina la mtumiaji na nywila ambazo fundi huziandika ndani yake. Hayo ni mazungumzo baina ya kisanduku na mitambo. Simu ya mama haimo. Ushahidi ni huu: televisheni ya mjomba na kompyuta ya kijana wa chuo zitaunganishwa na waifai hiyo hiyo, wala hakuna atakayezidai programu ya kampuni.

Mtindo huu una umri. Enzi za modemu, wateja wa nchi nyingi walipewa diski pamoja na kifaa, na wengi wakaamini kwamba diski ndiyo intaneti yenyewe. Ilhali Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, ilikuwa tayari na uwezo wa kuunganisha laini za aina hiyo. Kilichotakiwa ni jina na nywila tu. Diski imekufa, na programu ya simu imerithi kiti chake.

Hatusemi kwamba programu hizi hazina faida. Humwonyesha mteja bili yake, humwezesha kuripoti hitilafu, na humbadilishia nywila kwa kugusa mara moja. Asiyependa kuhangaika na mipangilio ataziona ni nafuu. Lakini bili hulipika kwa simu kama zilipwavyo bili nyingine, hitilafu huripotiwa kwa kupiga simu, na nywila hubadilishwa kwa njia tutakayoieleza punde.

Lililo zito ni sitara. Wazee wetu walijenga nyumba zenye daka, ili mgeni apokewe pale kwa heshima asifike vyumba vya ndani. Orodha ya majina iliyo katika simu ya mama ni chumba cha ndani. Mna nambari za dada zake, wakwe zake, mwalimu wa watoto, daktari, na jirani aliyempa nambari kwa siri kwa sababu anazozijua yeye. Watu hao hawakumruhusu mtu yeyote kuzipeleka kwa kampuni, na mama hana idhini ya kuwatolea ruhusa. Sheria nayo iko upande wake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humlinda kila mtu dhidi ya kutakiwa bila ya lazima kutoa habari za familia yake au mambo yake ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huagiza kwamba anayekusanya habari za watu achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Waya wa faiba hauhitaji kujua nambari ya shangazi.

Basi lifanyike nini? Kazi kubwa ni ile ya kabla fundi hajaondoka. Mwambie kwa upole, “Mwanangu, niandikie kwenye karatasi.” Akuandikie anwani ya kuingilia kisandukuni, jina na nywila ya kuingilia huko, na, ikiwa laini yenu hutumia jina la mtumiaji na nywila ya kampuni, akuandikie hizo pia. Mwulize waziwazi iwapo huduma itakatika usipoweka programu. Mara nyingi swali hilo likiulizwa mbele ya mtu mzima mwingine, jibu hubadilika.

Akishaondoka, fungua kivinjari, yaani Chrome au chochote unachosomea mitandao, simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani. Mahali pa kuandikia anwani, andika nambari iliyo kwenye kibandiko chini ya kisanduku. Aghalabu huwa 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Utafunguka ukurasa unaotoka ndani ya kisanduku chenyewe. Ingia kwa jina na nywila ulizoandikiwa.

Hapo, la kwanza ni kubadilisha nywila ya kuingilia kisandukuni. Watu wengi hubadilisha nywila ya waifai wakadhani wamemaliza, ilhali hii nyingine ndiyo ufunguo wa nyumba. Baadhi ya visanduku hutoka kiwandani na nywila inayofahamika na kila fundi mjini, na aliye nayo akiwa ndani ya waifai yako ataweza kubadilisha atakacho. Kisha weka nywila ya waifai iliyo ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, wala si nambari ya simu ya baba. Chagua ulinzi wa WPA2 au, ukiwapo, WPA3. Ukiona kitu kiitwacho WPS, kizime, kwani ni mlango mdogo wa nyuma uliowekwa kwa ajili ya urahisi.

Sasa jambo ambalo wazazi watalipenda. Kampuni nyingi huuza ulinzi wa watoto kama sehemu ya programu yao, ama kwa malipo ya ziada. Kipo cha bure. Kila mara mtu anapoandika jina la tovuti, kifaa chake huuliza mahali fulani jina hilo lina nambari gani; huduma inayojibu huitwa DNS. Katika kurasa za kisanduku pana sehemu ya kuandika ni nani aulizwe. Ukiandika 1.1.1.3 na, ya pili, 1.0.0.3, maswali yatakwenda kwa huduma ya Cloudflare iliyoanzishwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya familia, ambayo hukataa kujibu kuhusu tovuti za uchafu na zile zinazojulikana kueneza virusi. Umebadilisha mara moja, na simu na kompyuta zinazopita hapo zimeingia chini ya ulinzi huo.

Ulinzi huo una mipaka. Kijana aliye na bando lake la simu hupita nje ya kisanduku. Vivinjari vingine huweza kuuliza maswali yao kwa njia ya siri, na baadhi ya familia za IPv6 zina nambari zake za kujazwa kando. Baba na mama ndio walinzi. Hii ni komeo tu. Na tujue pia kwamba kukataa programu hakuifanyi kampuni isijue lolote. Huduma inapita mikononi mwake, hivyo aghalabu huweza kuona majina ya tovuti zinazotembelewa, na visanduku vingi huiruhusu ivirekebishe kutoka mbali. Kilichokataliwa ni kusomwa kwa simu yako, nacho si kidogo.

Wapo watakaokuta kisanduku kimefungwa, hakikubali kubadilishwa chochote. Dawa yake ni kununua ruta yako mwenyewe na kuiunganisha kwa waya fupi nyuma ya kisanduku cha kampuni. Waifai ya kisanduku izimwe ikiwezekana, na nyumba nzima itumie ya kwako. Usijaribu kuking’oa kisanduku chenyewe na kutia kingine, kwa kuwa mitambo inakijua kwa nambari yake na itakataa mgeni. Kwa wakazi wa Mji wa Kale na Lamu, ruta ya pili ina faida nyingine: kuta zile nene za matumbawe na chokaa humeza mawimbi, na ruta iliyowekwa katikati ya nyumba, ikitumia masafa ya gigahatsi 2.4, hufika mbali kuliko kisanduku kilichotundikwa karibu na mlango.

Ikiwa kampuni imeshikilia kwamba akaunti ifunguliwe kwa programu wala si vinginevyo, iweke, fungua akaunti, kataa kila ruhusa isiyohusiana na kazi hiyo, kisha iondoe. Ikikataa kufunguka bila majina ya watu wako, andika malalamiko kwa kampuni, na wasipojibu, kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Karatasi ya fundi itiwe pamoja na hati za nyumba, na nywila mpya ziandikwe nyuma yake, mtu wa pili nyumbani akijua ilipo. Na kwa wageni, ambao kwetu hawaishi, visanduku vingi vina sehemu ya kufungua waifai ya pili yenye jina na nywila yake. Wapeni hiyo, na fundi akirudi mumpe hiyo hiyo.