Tusilidharau Daraja la Chini

Neno lisilojulikana halimpotezi mfasiri, maana humlazimu kufungua kamusi. Limpotezalo ni lile analodhani kwamba analijua. Ninayanena haya kwa kuwa yamenifika mimi mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonya wengine wajihadhari nayo.

Katika somo la tafsiri niliwapa wanafunzi wangu habari fupi ya michezo kutoka Ayalandi. Ilieleza jinsi klabu ya kijiji cha Fossa, katika kaunti ya Kerry, ilivyotwaa ubingwa wa "junior" wa kaunti hiyo mwaka 2022 katika kandanda ya Kigaeli. Takriban darasa zima liliandika "mashindano ya chipukizi", nami nikawapa alama zote. Ni msichana mmoja tu aliyeinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, ikiwa haya ni mashindano ya chipukizi, mbona mchezaji huyu ameelezwa kuwa ni mwalimu wa shule ya upili?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda, nikaenda kujifunza upya.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu, hucheza timu mbili za watu 15 kila moja, nao huutumia mpira kwa miguu na kwa mikono pia. Milingoti ya goli husimama kwa umbo la herufi H. Mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba, ni goli, na goli huhesabiwa pointi 3. Ukipita juu ya mwamba baina ya milingoti, ni pointi 1, ingawa tangu mwaka 2025 mpira uliopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 hupata pointi 2. Wachezaji wote ni wa ridhaa. Hata aliye mashuhuri kabisa halipwi mshahara kwa kucheza. Klabu nazo zimejengwa juu ya parokia na vijiji, na aghalabu mtu huichezea klabu ya kwao tangu utotoni hadi miguu imkatalie.

Klabu za kila kaunti hupangwa kwa madaraja: la juu, la kati na la chini. Hilo la chini ndilo liitwalo "junior". Umri hauhusiki hapa hata kidogo. Vijana ambao hawajafikia utu uzima wana mashindano yao, na yana jina jingine kabisa, "minor". Katika daraja la chini unaweza kumkuta baba wa watoto watatu akicheza bega kwa bega na mvulana aliyemaliza shule juzi. Bingwa wa kaunti huendelea hadi mashindano ya mkoa, na Ayalandi ina mikoa 4 ya jadi: Ulster, Munster, Leinster na Connacht. Bingwa wa mkoa naye huingia katika mashindano ya nchi nzima.

Sasa na turejee kwa mwalimu wa Fossa. Jina lake ni David Clifford. Julai 2022 alikuwa katika kikosi cha kaunti ya Kerry kilichoishinda Galway kwa pointi 20 kwa 16 na kutawazwa bingwa wa Ayalandi katika uwanja wa Croke Park, Dublin, ambao hubeba watazamaji zaidi ya 82,000. Mwaka uo huo aliteuliwa mchezaji bora wa nchi. Msimu wa kaunti ulipokwisha, hakutafuta klabu kubwa ya mjini. Yeye na nduguye Paudie walirudi Fossa, kando ya ziwa Lough Leane karibu na mji wa Killarney, wakacheza daraja la chini pamoja na jirani zao. Walishinda katika Kerry, wakashinda katika Munster, na Januari 2023 wakarejea Croke Park kwa fainali ya klabu za daraja hilo dhidi ya Stewartstown Harps kutoka kaunti ya Tyrone. Fossa walipata pointi 19 bila goli. Wapinzani wao walipata goli 1 na pointi 13, yaani 16 kwa jumla. Huyo ndiye "chipukizi" niliyempigia alama ya vema: mtu mzima wa miaka 23, bingwa wa nchi na mwalimu wa watoto wa watu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo haikuwa haki, kwani ni sawa na kumwingiza fahali katika zizi la ndama. Hoja hiyo ina uzito. Hebu mfikirie mlinzi wa timu pinzani, fundi seremala siku za kazi, anapoambiwa kwamba Jumapili atamkaba mchezaji bora wa nchi. Hata hivyo, tukumbuke mambo mawili. Kwanza, daraja hupewa klabu, halipewi mtu. Na mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuzaliwa katika kijiji kidogo. Pili, bingwa hupandishwa. Mwaka 2023 Fossa ilicheza daraja la kati, ikalitwaa taji la kaunti huko pia. Lau kila kijiji kingalipokonywa mtu wake bora mara tu anapong'ara, vijiji vingalibaki na nini? Wahenga wetu walisema mkataa kwao ni mtumwa. Naona watu wa Kerry wanauelewa usemi huo, ijapokuwa hawajausikia.

Neno la pili lililotuponyoka darasani ni "kaunti". Wanafunzi walilipita bila kulitazama, kwa maana kwao kaunti ni gavana, bajeti na barabara. Sisi tunazo 47, zilizoletwa na Katiba ya 2010 na kuanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Kaunti za Ayalandi ni za kale zaidi, nazo zilichorwa na watawala kutoka Uingereza. Ya mwisho, Wicklow, ilikatwa mwaka 1606. Chama cha michezo ya Kigaeli, kijulikanacho kwa herufi GAA, kiliundwa mjini Thurles mnamo Novemba 1884, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Michael Cusack, mwalimu kwa kazi. Chama hicho kilikusudia kuihuisha michezo ya wenyeji, lakini mipaka ya mgeni hakikuitupa. Kiliitwaa, kikaipangia timu, na watu wakaipenda kama kwamba waliichora wenyewe.

Mapenzi hayo yamedumu kuliko ofisi zenyewe. Katika Ireland ya Kaskazini mabaraza ya kaunti yaliondolewa mwaka 1973. Kaunti ya Dublin iligawanywa kiutawala mara tatu mwaka 1994. Lakini katika viwanja vya Kigaeli kaunti zote 32 za kisiwa kizima zingali zinahesabiwa, na Dublin ingali moja. Serikali iliweza kufuta ofisi, ila jezi haikuweza kuifuta.

Ninawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu kosa langu la tafsiri lilitokana na kosa kubwa zaidi la mawazo. Sikuchagua neno "chipukizi" kwa bahati mbaya. Nilichukulia kwamba kilicho chini hakina budi kuwa cha watoto, na kwamba watu wazima wenye kipawa lazima wawe juu. Mazoea haya tunayo sote. Michezo ya shule zetu hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa. Lakini shule ngapi huwapigia makofi walioishia kaunti ndogo? Hata neno lenyewe, "junior", lilipoingia katika mfumo wetu wa elimu pamoja na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 mwaka 2023, lilikuja na mabishano kuhusu hadhi ya shule hizo na nani aziongoze. Jina la ngazi likishachukuliwa kuwa jina la thamani, wote waliomo, walimu kwa wanafunzi, huonekana wadogo.

Sisemi kwamba madaraja yaondolewe. Bila madaraja, kijiji cha Fossa kingalikuwa kikichabangwa kila wiki na klabu za miji mikubwa hadi wachezaji wake wakate tamaa. Nisemalo ni kwamba daraja la chini listahili taji lake, refa wake mwaminifu na fainali yake katika uwanja ule ule wa wakubwa. Mahali linapopewa heshima hiyo, aliye bora haoni haya kulirudia. Na akilirudia, aliye mdogo huona kwa macho yake jinsi kazi inavyofanywa. Mwalimu mwenye tajiriba anayeomba kulifundisha darasa la kwanza kusoma analijua jambo hili. Na tumwulize mwalimu mkuu: je, humpa darasa hilo kama heshima au kama adhabu?

Wiki iliyofuata nilirejea darasani na kuziondoa alama nilizotoa, nikieleza kwamba kosa lilianza kwangu. Tulijadiliana kwa saa nzima, tukakubaliana juu ya "ubingwa wa klabu za daraja la chini". Tafsiri hiyo ni ndefu na haina madaha, lakini haimwiti mtu mzima mtoto. Yule msichana aliyeuliza alipewa alama zake kamili. Wenzake walipiga makofi, nami nikajiunga nao.